Supu ya Mafua ya Mama Feli

Mzee Byabato haonji chakula kwa kijiko. Huchota mchuzi kwa mwiko, akadondosha matone mawili kwenye kiganja cha kushoto, chini kidogo ya kidole gumba, akalamba, halafu akatazama juu kama mtu anayesubiri simu ipokelewe upande wa pili. Ukimwona anatazama juu, ujue hukumu iko njiani. Na kwa miaka yote niliyomfahamu, hukumu ilikuwa neno moja tu: "Chumvi."

Usidhani chumvi ni chumvi. Vitunguu vikiungua, chumvi. Samaki akitiwa mapema, chumvi. Wali ukishika maji, chumvi. Alikuwa mpishi mkuu wa chuo kwa miaka ishirini na sita, na wapishi aliokuwa akiwasimamia walizoea kulitafuta kosa lao wenyewe ndani ya hilo neno bila kuelekezwa. Kwa kazi ya kulisha wanafunzi mia sita, huenda huo ulikuwa utaratibu mzuri. Shida ni kwamba jioni alikuwa anarudi nalo nyumbani.

Mimi naitwa Kija, ni fundi cherehani. Nimepanga chumba cha uani kwake hapa Butimba, Mwanza, mwaka wa tisa sasa, na cherehani yangu iko barazani, hatua sita kutoka mlango wa jiko lao. Kila "chumvi" iliyotamkwa katika nyumba hii imepita masikioni mwangu. Niseme mapema kwamba mimi si mpole. Hasira zangu ziko karibu, na nikikasirika Kisukuma changu cha Misungwi kinapanda, r zote zinageuka l, na watu wanacheka badala ya kuogopa. Mzee Byabato ndiye aliyekuwa akicheka kuliko wote. Mimi nami nilikuwa namlipa, nikimwambia wao Wahaya hawaugui mafua kama sisi wengine, wao wanaugua influenza.

Mke wake aliitwa Prudencia, Mama Feli. Alikuwa mwembamba, mtu wa Kamachumu kule Muleba, na alikuwa na mkono mwepesi wa chumvi. Kwao, aliniambia, chumvi ilifungwa kwenye kitambaa na kuning'inizwa juu ya moto isipate unyevu, na mama yake aliitoa kwa ncha za vidole viwili, basi. Mkono wake ulijifunza hivyo utotoni na haukubadilika tena. Kila Jumanne alikwenda soko la Mwaloni kununua sato, akawapika supu: maji, samaki mbichi bila kukaangwa, kitunguu kimoja, nyanya moja, kipande cha tangawizi alichokiponda kwa jiwe, na chumvi ya vidole viwili. Akishampelekea mumewe bakuli, anarudi nyuma, anasimama mlangoni akifuta mikono kwenye kitenge.

Mzee anadondosha kiganjani. Analamba. Anatazama juu.

"Chumvi," anasema. Siku akiwa na maneno mengi anaongeza, "Mama Feli, haya ni maji ya kuoshea sufuria."

Mama Feli akawa amejifunza kuweka kikopo cha chumvi pembeni ya bakuli kabla hajaambiwa. Kilikuwa kikopo kidogo cha bluu, cha mafuta ya kujipaka, kimeoshwa mpaka lebo imetoka. Hakuwahi kununa mbele yangu. Alikuwa akija kukaa na mimi barazani, akanisaidia kutoa nyuzi kwenye mapindo, tukaongea habari nyingine.

Alifariki Novemba iliyopita. Presha. Alikuwa anaanika nguo, akaanguka na kamba yote, mashuka mawili yakamfunika, na mimi niliyekuwa hatua kumi tu kutoka pale nilidhani kamba imekatika. Nikaita, "Mama Feli, subiri nije nikusaidie," nikamalizia kushona mstari niliokuwa nao. Hilo silisahau. Walimsafirisha kwenda Kamachumu, mzee akakaa huko wiki mbili, kisha akarudi peke yake akiwa na mkoba wa marehemu begani, mkoba wa kike wenye shanga, bila hata kuona kwamba watu wanamtazama.

Baada ya hapo alianza kuisha. Sisi mafundi tunaona mambo ambayo majirani wengine hawaoni. Mwezi wa nne aliniletea suruali zake nimpunguzie kiuno. Nikapunguza. Mwezi wa saba akaleta zile zile, nipunguze tena, na nilipozipima nilikuta kitambaa cha kukunja nyuma kimekuwa kingi mpaka mifuko miwili inataka kugusana. Nilimwambia uongo kwamba kitambaa hiki hutanuka kikifuliwa mara nyingi.

Mtoto wao ni mmoja, Felicitas, mwalimu wa shule ya msingi, anaishi Igoma na mumewe. Kila Jumamosi alikuwa anakuja na hotpoti ya chakula cha baba yake. Mkono wa Feli ni mkono wa mama yake, ukifumba macho huwatofautishi. Na mzee alikuwa akimpokea vile vile, matone mawili, ulimi, macho juu, "Chumvi." Feli akawa anavumilia, naye akiweka kile kikopo cha bluu pembeni ya bakuli bila kuambiwa.

Jumamosi moja mwezi wa sita alileta supu ya sato. Mzee alionja, akatamka neno lake, halafu akaongeza jambo ambalo hakuwa na haja ya kuliongeza.

"Mwanangu, mama yako alikuwa na supu yake. Ile aliyokuwa ananipikia nikipata mafua. Ukiinywa ile, unajisikia umerudi duniani. Nashangaa, umekaa naye jikoni tangu ukiwa mdogo, hata hiyo moja hukuirithi?"

Feli alinigeukia mimi niliyekuwa barazani na sindano mdomoni, akanitazama muda mrefu. Nilijua anachotaka kusema, naye alijua kwamba ninajua. Kisha akafunga hotpoti, akaukaza mfuniko mpaka ukalia, akaondoka. Tangu siku hiyo hakuja tena. Alikuwa anapiga simu jioni, "Taata, umeshindaje," kama wanavyowaita baba zao huko kwao, na mzee anajibu nimeshinda salama, na simu inaishia hapo.

Nitawaambia tulichokuwa tunakijua.

Miaka miwili hivi iliyopita mzee alipata mafua makali. Mchana Mama Feli akanijia barazani amevaa kitenge kipya, amejipaka mafuta, uso unang'aa. Nikamuuliza, mama, kuna harusi wapi? Akaketi, akaniinamia sikioni.

"Baba Feli ana mafua," akasema. "Leo nakula kwa amani."

Nikacheka. Akanieleza. Mzee akipata mafua pua inaziba kabisa, haonji wala hanusi, na koo linamwuma kiasi kwamba chumvi inamchoma. Siku hizo ile supu yake nyepesi inashuka bila shida. Anakunywa bakuli zima, hafungui kiganja. Akimaliza anasema, "Asante, mama. Umenirudisha." Anayasema hayo kwa sauti ya upole kabisa, na Mama Feli yuko pale mlangoni anayasikia.

"Unaweka nini cha zaidi?" nikamuuliza.

"Siweki kitu, Kija. Ni supu ya Jumanne. Ile ile." Akacheka mpaka akafuta machozi. "Yeye anadhani kuna supu mbili. Kuna ya Jumanne na kuna ya mafua. Naogopa hata kumwambia, akijua nitapoteza na hiyo moja. Feli anajua, na sasa wewe. Niahidi hutasema."

Nikaahidi. Akaniambia pia kwamba kuna wakati huwa anamwombea apate mafua. Kanisani, misa ya Jumapili, wenzake wakiomba afya na kazi za watoto, yeye anapiga magoti na kuomba mumewe apate mafua, mepesi tu, yasiyomdhuru. Kwa mwaka alijibiwa mara mbili, ikizidi tatu. Siku ile tulicheka sana. Sasa hivi nikiikumbuka sicheki, inaniuma, kwa sababu mwanamke mzima hapaswi kusubiri mumewe augue ili asikie asante.

Basi, mwaka huu, katikati ya mwezi wa saba, mafua yakaja. Ni wakati ambao asubuhi upepo wa ziwani unapenya mpaka kwenye mifupa na mchana vumbi halishikiki, na nusu ya Butimba ilikuwa inapiga chafya. Ya mzee yakawa makubwa. Nilimpeleka zahanati, wakampima, wakasema mapafu ni mazima, wakampa dawa ya kifua. Mganga akanivuta pembeni akidhani mimi ni binti wa mzee.

"Mafua yataisha," akasema. "Kinachonitisha ni uzito wake. Mzee ale. Asipokula, haya mafua yatageuka kitu kingine."

Ale. Ni neno jepesi kulitamka ukiwa umekaa nyuma ya meza. Nilimpikia uji, akaacha. Nikampikia ndizi, akaacha. Alikaa kitandani amejifunika sweta mbili, akasema anachotaka ni kitu kimoja tu, supu ya mafua ya Mama Feli, na kwa kuwa hakuna anayeijua, ataipika mwenyewe.

Akaenda Mwaloni mwenyewe, na kikohozi chake na kofia yake ya sufu. Muuza samaki wake, Mama Ndalahwa, alinisimulia baadaye kwamba alifungua mashavu ya samaki kumi na nne kabla ya kuchagua mmoja. Aliporudi akawasha mkaa na kuanza kazi, na mimi nikaacha kushona nikamtazama, maana sijawahi kumwona mtu anapika namna ile. Kitunguu kilikatwa mpaka kikawa kama mchanga. Samaki akapitishwa kwenye mafuta kwanza, kidogo tu, ngozi ishike rangi. Kitunguu swaumu, pilipili manga, giligilani, ndimu mwishoni kabisa sufuria ikiwa imeshaepuliwa. Akanipa bakuli nionje. Mungu shahidi, nilitamani kulia. Nimekula kwenye harusi za watu wenye uwezo na sijakutana na supu kama ile.

Yeye alipokunywa kijiko cha kwanza akashika koo.

"Inachoma," akasema. "Si yenyewe."

Akaimwaga yote kwenye shina la mgomba.

Kesho yake akapika nyingine, pilipili kidogo, tangawizi nyingi. Akaimwaga. Keshokutwa akapika ya tatu na karanga ndani yake, akaimwaga pia. Mgomba ule ulikula vizuri kuliko mtu yeyote Mwanza wiki hiyo. Kisha akaingia kwenye wazo kwamba marehemu alikuwa anaficha kitu, majani ya kwao Kamachumu, au unga wa mizizi fulani. Nilimkuta jikoni amekaa chini, amevishusha vikopo vyote vya mkewe kutoka rafuni, anafungua kimoja kimoja na kukisogeza puani. Pua imeziba kabisa, anavuta mpaka mishipa ya shingo inasimama, na hasikii kitu. Alifungua cha iliki. Alifungua cha vifungo vya nguo. Alifungua chenye rozari iliyokatika. Akafika kwenye kile cha bluu, akakitikisa, akakiweka pembeni.

"Hiki ni chumvi tu," akasema.

Kisha akaniinulia macho. "Kija, mama yangu, wewe ulikuwa unakaa naye. Alikuwa anaweka nini?"

Ningeweza kumwambia pale pale. Nilikuwa nimemwahidi marehemu, ni kweli, lakini si hiyo iliyonizuia. Nilikuwa na hasira naye. Nilitaka atafute. Nikamwambia sijui, nikarudi kwenye cherehani, na mchana wote nikawa nashona mistari iliyopinda.

Siku ya nane alishindwa kuinuka kwenda msalani bila kushika ukuta. Hapo nikaona aibu. Nikampigia Feli.

"Njoo umpikie baba yako," nikamwambia. "Mpikie ile."

"Dada Kija, nipike nini?" Sauti yake ilikuwa kavu. "Alishaniambia sikuirithi. Nimletee nini sasa, nimjazie chumvi bakuli zima?"

"Ana mafua. Hataonja."

"Ndiyo maana sitaki," akasema. "Mama aliishi hivyo. Mimi sitaki kupendwa na mtu kwa sababu pua yake imeziba."

Nikakata simu, nikaenda kununua sato.

Niliipika kama nilivyomwona Mama Feli akiipika. Maji, samaki mbichi, kitunguu, nyanya, tangawizi ya jiwe. Nilipofika kwenye chumvi nikasimama, maana mkono wangu una vidole vinene, nikachukua kidogo mara tatu na kurudisha mara mbili. Nikampelekea. Na mimi nami, sijui kwa nini, nikarudi nyuma nikasimama mlangoni.

Mzee hakufungua kiganja. Alikunywa kijiko, akanywa cha pili. Akanywa bakuli lote, akaomba lingine, akalimaliza na hilo, akanyonya mifupa ya kichwa cha samaki mpaka ikawa myeupe.

"Hii ndiyo," akasema. "Hii ndiyo yenyewe. Kija, uliniambia hujui." Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta. "Asante, mama. Umenirudisha."

Nilitoka nje haraka. Yale maneno hayakuwa yangu, nilijisikia kama nimevaa nguo ya mtu aliyekufa.

Nikampikia siku tatu mfululizo, akala, akapata nguvu. Siku ya nne nilipasha moto iliyobaki jana yake. Nilimkuta amekaa kitini badala ya kitandani, amenyoa ndevu. "Leo nimesikia harufu ya mkaa wako tangu unauwasha," akaniambia kwa furaha, na mimi mjinga sikujiuliza. Nikamwekea bakuli.

Mkono wa kushoto ukafunguka wenyewe. Matone mawili. Akalamba. Akatazama juu.

"Kija, leo umesahau nini?"

"Sijasahau kitu."

"Tangawizi umeweka?"

"Nimeweka."

Akalamba tena. "Hii siyo ya jana."

"Ni ya jana, mzee. Nimeipasha tu. Ulikunywa mabakuli mawili kutoka sufuria hii hii."

Akainamisha uso juu ya bakuli akavuta harufu, taratibu, na pua yake safari hii ilikuwa wazi. Nikaona uso wake unabadilika.

"Lakini hii ni supu ya Jumanne," akasema.

Nilikuwa na ahadi. Nilikuwa na umri wa kutosha kunyamaza. Ila hasira zilinitangulia, na r zikaondoka zote.

"Ndiyo! Ni ya Jumanne! Hapakuwa na nyingine! Miaka yote ni supu hiyo moja, ukiwa mzima ni maji ya kuoshea sufulia, ukiwa na mafua umeludi duniani! Unajua alikuwa anaomba nini kanisani? Upate mafua! Anapiga magoti kabisa! Mwanamke wa watu anaomba mume wake augue ili asikie asante mala moja!"

Hakucheka matamshi yangu. Ilikuwa mara ya kwanza. Aliangalia kiganja chake, bado kina unyevu, akakifuta kwenye suruali.

"Feli anajua?"

"Anajua."

"Ile aliyoleta mwezi wa sita..."

"Ilikuwa hiyo hiyo."

Nje mtu alikuwa anapita anauza maandazi, akaita, akachoka kuita, akaenda zake.

"Mbona Mama Feli hakuniambia?" akauliza. "Miaka thelathini na nne."

"Angekuambia, ungesemaje?"

Alifikiri. Namheshimu kwa hilo, alifikiri kweli. "Ningesema chumvi," akasema.

Kisha akageuka kutazama mlango, pale nilipokuwa nimesimama mimi. "Alikuwa anasimama hapo kila siku," akasema. "Nilidhani anasubiri vyombo."

Nilikuwa bado nina maneno mengi ya kumwambia, nimeyatunza miaka tisa, lakini baada ya hilo sikuwa na hamu nayo tena. Akachukua kijiko akaanza kunywa. Supu ilikuwa imeshapoa. Nilimwona kila kijiko kinavyoshuka kwa shida, maana ulimi uliofanya kazi ya kuhukumu maisha yote haunyamazi kwa siku moja, na kikopo cha bluu kilikuwa pale pale rafuni, angenyoosha mkono tu. Hakunyoosha. Alimaliza bakuli, akalisukuma mbele kidogo, na hakusema asante, kwa sababu mtu wa kuambiwa alikuwa chini ya migomba ya Kamachumu, ng'ambo ya ziwa, na alikuwa ameshaambiwa mara chache zote alizoambiwa.

"Mpigie Feli," akaniambia. "Mwambie baba yake anaomba supu. Usimwambie kitu kingine."

Feli alikuja Jumamosi. Alikuja kwa sababu baba yake mwenyewe ndiye aliyeomba, na mimi nikaongeza kwamba bado anaumwa, hilo halikuwa uongo mtupu. Aliingia, akamwamkia, "Shikamoo, Taata," akaitikiwa. Hakukaa. Akafungua hotpoti, akamimina supu kwenye bakuli, akashusha kikopo cha bluu kutoka rafuni akakiweka pembeni kabla hajaambiwa. Kisha akarudi nyuma akasimama mlangoni, mikono ameifunga kifuani, tayari kwa neno lake.

Mimi nilikuwa nimesimama dirishani na mkasi mkononi. Niliona mkono wa kushoto wa mzee ukianza kufunguka juu ya meza kwa mazoea. Akauona na yeye. Akaukunja ngumi, akauweka mapajani chini ya meza.

Akachukua kijiko. Akanywa. Macho yake hayakwenda juu, yalibaki kwenye bakuli mpaka likaisha. Akasogeza kikopo cha chumvi kando, hakijafunguliwa.

"Asante, mama," akasema. "Umenirudisha."

Feli alifungua mikono. Alimtazama baba yake usoni, akatazama bakuli, akatazama kikopo, na nikaona macho yake yanajaa, halafu yanaingiwa na shaka.

"Taata," akasema polepole, "mafua bado hayajapona?"

Asubuhi ile ile mzee alikuwa ameniita kutoka chumbani kwake kuniambia maharage ya jirani wa tatu yanaungua.

"Bado, mwanangu," akasema. "Bado ninayo." Akatoa leso mfukoni, akaifuta pua yake kavu.